Mtoto wa miaka 7 kafiwa na baba, haongei shuleni na karudia kukojoa kitandani. Hii tiba ya kisaikolojia kwa watoto inasaidia kweli?

Mama_Chumbageni

Asalam aleikum na habari zenu wadau. Naomba mnisome mpaka mwisho maana ni refu na kichwa kimenichoka.

Mume wangu alifariki mwaka jana kwa ajali ya bodaboda. Tuna wa kiume ana miaka 7 yuko darasa la kwanza, na mdogo wake wa kike bado ananyonya. Siku ya msiba huyu mkubwa shangazi yake alimchukua akampeleka Muheza, kwa hiyo mazishi hakuyaona, aliporudi akanikuta mie niko eda, nyumba imejaa watu, baba hayupo. Bibi yake akamwambia baba kasafiri kaenda Oman kutafuta hela. Basi ukoo mzima ukashika hilo hilo.

Huyu mtoto alikuwa anaongea mpaka majirani walimpachika jina la Redio. Sasa shuleni mwalimu anasema haongei kabisa, akiitwa jina haitiki, na ameshachapwa kwa hilo eti ana kiburi. Nyumbani anaongea na mie na mdogo wake tu, akija mgeni anakuwa kimya. Kukojoa kitandani alishaacha tangu ana miaka 3, sasa ni karibu kila usiku. Asubuhi ya shule tumbo linamuuma, Jumamosi haliumi. Nikisema natoka hapo dukani tu analia na kuning'ang'ania nguo.

Mama mkwe anasema kuna mkono wa mtu, anataka anyweshwe kombe, yale maji yaliyooshewa aya za Kurani. Mie dua sipingi. Ila dada mmoja ninayefanya naye kazi kaniambia kuna tiba ya kisaikolojia ya watoto, nikamgusia shemeji akacheka akasema unataka kumpeleka mtoto Lutindi, kule hospitali ya wagonjwa wa akili?

Sasa nauliza wenye uelewa, mtoto asiyeongea wanamtibu vipi, si watakaa wanaangaliana? Na nasikia eti wanachezeshwa. Yaani nauli yangu niitumie mtoto akacheze midoli? Na mwisho, hili la Oman nalifanyaje maana kila siku ananiuliza baba akirudi atamletea baiskeli.

Nesi_wa_Zamu

Waaleikum salaam mama, pole mno kwa msiba. Mimi nitasema la kwangu la hospitali, ya saikolojia waje wenyewe.

Mtoto aliyekaa mkavu miaka halafu akarudia kukojoa, kabla hujasema ni huzuni au ni mkono wa mtu, apimwe mkojo na sukari. Kuna UTI (maambukizi ya njia ya mkojo), kuna kisukari cha watoto (huyo utamuona anakunywa maji sana, anakojoa sana hata mchana na anakonda, huyo usingoje wiki, mpeleke leo leo), na kuna kitu watu hawakijui kabisa, choo kigumu. Utumbo ukijaa unabana kibofu. Kwa hiyo muulize na choo anapata vipi. Dua aombewe, ila mkojo upimwe.

Vipimo vikiwa safi basi msiba ndio wa kushukiwa, na hapo ujue mtoto hakojoi kwa makusudi, yuko usingizini. Hakuna kuchapa, hakuna kuanika godoro mbele ya wenzake, hakuna kuimbiwa kikojozi. Weka nailoni chini ya shuka. Maji anywe ya kutosha asubuhi na mchana ila chai ya rangi ya usiku iondoe maana inaongeza mkojo, na aende chooni mwisho kabisa kabla ya kulala. Asubuhi akiamka amelowa mnabadilisha shuka pamoja kimya kimya kama kazi nyingine ya nyumbani. Basi.

mzee_wa_pangani

Poleni. Lakini na mimi niseme ukweli wangu. Sisi tulizikiwa wazazi tukiwa wadogo na hakuna aliyetupeleka kuchezeshwa midoli, tukakua, tukaoa, leo tuna wajukuu. Siku hizi kila kitu ugonjwa. Mtoto kafiwa, lazima awe na huzuni, mlitaka acheke? Mpeni muda, mpelekeni madrasa akacheze na wenzake, mjomba wake amchukue wakavue samaki. Hizo hela za kuzungusha mtoto maofisini afadhali mama anunue unga.

Mshauri_Moshi

Dada yangu Mama Chumbageni pole sana. Mimi ni mshauri nasaha, nafanya na watoto na familia zao, sasa nitaandika kirefu mnivumilie.

Naanza na mzee wa Pangani, shikamoo mzee. Kwa sehemu uko sahihi na wala sikubembelezi. Watoto wengi waliofiwa hawahitaji tiba yoyote, wanahitaji mtu mzima mmoja aliyetulia, ratiba isiyoyumba na watu wa kuwaelezea. Mjomba wa kwenda kuvua naye ni dawa kabisa. Lakini huzuni ya kawaida inakuja na kuondoka, leo analia kesho anacheza mpira. Huyu mtoto ni zaidi ya hapo, imefika mwaka, sauti imepotea shuleni, mkojo umerudi, tumbo, hataki mama atoke. Hapo inazuia maisha yake. Ndiyo mstari ninaoutumia mimi, je inamzuia kusoma, kulala, kucheza? Kama ndiyo, tafuta msaada.

Sasa swali la midoli. Mtu mzima akiumia anaongea. Mtoto wa miaka 7 hana maneno hayo, anacheza. Ukimpa gari, mdoli, kitanda kidogo na mchanga, kuna siku atagongesha lile gari, atamzika mdoli kwenye mchanga, atamfukua, atamzika tena, na hajasema neno. Tayari kashakuhadithia. Aliyeliweka hili sawasawa ni mama mmoja wa Marekani, Virginia Axline, kitabu chake kilitoka 1947, msingi wake ni kwamba mtoto ndiye anayeongoza mchezo na mtu mzima anafuata, hamuulizi maswali kama polisi, anamtajia tu anachokiona, 'naona huyu mdoli kaogopa', 'umekasirika na hilo gari'. Kwa hiyo mtoto asiyeongea hatupi shida kabisa, na wala hawakai wanaangaliana.

Baadaye kina Guerney, mume na mke, miaka ya 60 wakaona kwa nini hii ifanywe na mtaalamu peke yake, wakaanza kuwafundisha wazazi wenyewe. Hii unaweza kuianza leo hapo Chumbageni bila nauli. Nusu saa kwa wiki, siku ile ile saa ile ile, wewe na yeye tu, mdogo abebwe na mtu, simu iwe mbali. Vitu vichache, karatasi, rangi, udongo, vidoli vya watu, gari. Anachagua yeye. Usimfundishe, usimsahihishe, usimwambie hilo jua lichore la njano. Sema unachokiona tu. Muda ukikaribia kuisha mwambie bado dakika tano. Wazazi wengi wanasema nusu saa ni ndogo, subiri mpaka uikae bila kutoa amri hata moja uone ilivyo ndefu.

Halafu kuna nyingine ya watoto waliofiwa wanaoweza kuongea kidogo, kitaalamu inaitwa TF-CBT, yaani tiba ya mawazo na tabia kwa waliopata kiwewe, imeanzia Marekani lakini ilijaribiwa huku kwetu Moshi na Kenya kule Bungoma, watoto 640 wa miaka 7 mpaka 13 waliofiwa na mzazi mmoja au wote. Waliowahudumia hawakuwa madaktari, ni watu wa kawaida waliofundishwa na kusimamiwa. Watoto wanakaa kikundi chao, walezi kikundi chao, vikao 12, na katikati kuna vya mtoto mmoja mmoja. Wanajifunza kupumua kwa tumbo hofu ikija, kutaja hisia kwa majina, kuona kwamba wazo linazaa hisia na hisia inazaa tendo, halafu pole pole wanaelezea kilichotokea siku ile, na mwisho mlezi anaisikia hadithi hiyo kutoka kwa mtoto mwenyewe. Matokeo yalitoka 2020. Kenya watoto walipata nafuu zaidi ya wale waliopata huduma za kawaida na hata mwaka mmoja baadaye tofauti ilikuwepo. Tanzania mjini tofauti ilionekana mwanzoni, lakini baada ya mwaka wale wengine nao walikuwa wamefikia hapo hapo. Kwa hiyo mzee wa Pangani na hapo una lako. Mimi kwa ninavyoona tiba hizi zina nguvu lakini ukimtibu mtoto ukamrudisha kwenye nyumba yenye siri umefanya kazi bure.

Na siri ndiyo hii ya Oman. Dada, nadhani huu ndio mzizi. Mtoto kaona nyumba imejaa watu wanalia, mama kafungiwa ndani, halafu anaambiwa baba kasafiri. Yeye si mjinga. Anajua kuna kitu na anajua hakisemwi. Akinyamaza anafanya kama wakubwa wanavyofanya.

Mwl_Bungoma

Poleni sana mama, na salamu kutoka Bungoma. Mimi ni mwalimu wa primary huku, na hiyo kitu amesema Mshauri naijua maana baadaye walimu pia tulifunzwa kuifanya kwa shule, tunaita Pamoja Tunaweza. Mwanzo mimi niliona ni kuongezewa kazi tu, tuko na madarasa yamejaa na sasa ati nikae na watoto mayatima niwaulize wanaskia aje. Lakini hao watoto si ati wako na kichwa ngumu. Kulikuwa na kijana alikuwa anapigana kila siku, kumbe aliwaza mama yake alikufa juu yeye alikataa kuenda kumchotea maji ile siku. Miaka mbili anabeba hiyo. Mtoto anaweza waza ni yeye aliua. Uliza huyo wako pole pole, unaweza pata ako na yake.

Sasa hiyo ya shule. Mtoto anaongea nyumbani vizuri na shule hatoi sauti zaidi ya mwezi, hiyo ni woga, si kiburi, sauti inakwama tu. Kumchapa ni kuongeza woga juu ya woga. Venye sisi tulifanya na msichana mmoja, tuliambia mama yake akuje na yeye darasani jioni wenzake wakienda, wawe wawili tu, wasome, wacheze, waongee. Akizoea hapo rafiki yake mmoja anaingia. Akizoea, mimi naingia nakaa nyuma nasahihisha vitabu zangu simwangalii. Halafu nasogea. Ilichukua term karibu nzima lakini alianza kuninong'onezea. Na kwa register akiitwa anainua mkono, si lazima aseme present. Usimpe zawadi ndio aongee na usimuongeleshe mbele ya watu ati 'sema shikamoo', hiyo inaua kabisa.

Bint_Ngamiani

Mama Chumbageni mie jirani yako kabisa. Hapo kwenye fimbo, kanuni za Tanzania zinasema anayechapa ni mkuu wa shule au mwalimu aliyemruhusu kwa maandishi, zisizidi 4 na iandikwe kwenye kitabu, si kila mwalimu akijisikia. Na ni kwa kosa kubwa. Kunyamaza tangu lini likawa kosa? Nenda kwa mwalimu mkuu kwa upole, mwambie mtoto kafiwa na yuko kwenye matibabu, omba asichapwe. Wakikaidi piga 116, namba ya watoto, bure.

Na shemeji na Lutindi yake mwambie hiyo Lutindi yenyewe kabla haijawa hospitali ya akili ilianzishwa na wamisionari wa Kijerumani mwaka 1896 kuwa makazi ya watoto waliookolewa utumwani. Kwa hiyo hata utani wake umempita mbali 😄

Mama_Chumbageni

Nimesoma yote mpaka nimelia, hasa hilo la yule mtoto wa maji. Ahsanteni sana. Kesho nampeleka kupima mkojo.

Mshauri, Oman nakuelewa na mie moyo wangu ulikuwa unanisuta, lakini nikimwambia ukweli si ndio nitamuua kabisa? Na mama mkwe atasema nimemvunjia heshima, nyumba ni yake. Na nitasema vipi? Mie mwenyewe sijaweza kulitamka neno lenyewe mbele yake bila kulia.

Mshauri_Moshi

Anza na mama mkwe, na usiende kumwambia amekosea. Yeye kafiwa na mwanawe wa kumzaa, na hiyo Oman huenda anaihitaji yeye kuliko hata mjukuu. Mwambie, mama, mtoto anamngoja babake na shule imemshinda, nisaidie tumwambie. Mwombe akae karibu siku hiyo. Kama kuna sheikh anayemheshimu mpitie, masheikh wengi wanaelewa haraka kuliko tunavyodhani, kwamba kufa si siri na mtoto afundishwe kumuombea baba yake.

Kusema sasa. Chagua asubuhi ya siku isiyo ya shule, si usiku. Maneno mafupi. 'Mwanangu, baba hakwenda Oman. Baba alipata ajali ya pikipiki akafa. Mtu akifa mwili wake unaacha kufanya kazi, hapumui, hali, haumwi. Baba hatorudi. Sio kosa lako, hukufanya kitu. Tulikwambia Oman kwa sababu tulishindwa kukwambia. Mimi nipo, na bibi yupo.' Ukimaliza nyamaza. Usijaze kimya. Baada ya hapo ndio uongeze la imani, kwamba baba yuko kwa Mola na sisi tunamuombea. Ukilitanguliza hilo atauliza huko kwa Mola anarudi lini.

Usiseme baba amelala, ataogopa kulala, na wewe mkojo wa usiku tayari unao. Usiseme Mungu alimpenda zaidi, ataogopa Mungu asikupende na wewe.

Ukilia, lia. Mwambie nalia kwa sababu namkumbuka baba. Anachokiogopa ni mama anayelia chooni akitoka anasema nimeingiwa na moshi.

Hatokufa kwa kuambiwa. Anaweza akalia sana, anaweza akasema sawa akaenda kucheza mpira, usishtuke, watoto wanaingia kwenye huzuni na kutoka. Halafu atauliza tena wiki ijayo kama vile hajawahi kusikia. Umri huu ndio wanaanza kuelewa kwamba kufa hakuna kurudi, kwa hiyo unajibu tena, maneno yale yale. Kwa wiki chache mkojo unaweza hata kuzidi. Mjomba wake ampeleke makaburini siku moja akaone alipo baba.

Na mfanyeni kitu cha kumkumbuka. Uganda kina mama wa NACWOLA, wanaoishi na VVU, walikuwa wanaandika vitabu vya kumbukumbu kwa ajili ya watoto wao wakiwa bado hai, ukoo wetu unatoka wapi, ulizaliwa vipi, nilipenda nini. Wewe andika cha baba. Daftari la mistari linatosha, picha, leseni yake, alikuwa shabiki wa timu gani, bibi aeleze utoto wake alikuwa mtundu vipi. Na hapo ndipo bibi anaingia kwenye kazi badala ya kubaki upande wa pili.

Kuna na ya kuchora mti, ilitungwa na Ncazelo Ncube wa Zimbabwe na David Denborough wa Australia, mimi naitumia sana. Mizizi anaandika ametoka wapi, ardhi ni maisha yake ya sasa, shina ni vitu anavyoviweza, matawi ni matumaini, majani ni watu wake, na waliokufa pia wanaandikwa hapo, matunda ni alivyopewa na watu. Mtoto anaona kabla ya msiba na baada yake yeye bado ana vitu. Asiyeongea anachora tu.

Kwa mtaalamu nenda hospitali ya rufaa ya mkoa, kwenu Tanga ni Bombo, ulizia kitengo cha afya ya akili na afisa ustawi wa jamii. Ukienda uliza maswali mawili, umewahi kufanya kazi na watoto wadogo, na mimi mama nitashiriki vipi? Akikwambia mwache mtoto uje umchukue, hana haja na wewe, tafuta mwingine.

mzee_wa_pangani

Marahaba mshauri. Hilo la kumwambia ukweli naliunga mkono. Mimi mwenyewe niliambiwa marehemu baba yuko Mombasa bandarini, nikaja kuambiwa na watoto wenzangu tukigombana. Mama Chumbageni, kama mjomba hayupo, ulizia hapo msikitini kwenu, hukosi mzee wa kwenda naye makaburini. Midoli bado sijaielewa lakini.

Bint_Ngamiani

Na huyu anayenyonya jamani? Mbona hakuna aliyemtaja, na yeye si kafiwa?

Nesi_wa_Zamu

Kweli kabisa. Huyo hajui kifo ila anajua mama kabadilika. Mama asipolala, asipokula, akimshika bila kumtazama, mtoto anakuwa mlizi au anakuwa kimya mno, na huyo kimya mno ndiye anayenitisha mimi. Kwa hiyo Mama Chumbageni na wewe ni mgonjwa wa kuangaliwa. Unalala? Unakula? Kuna siku unatamani usiamke? Mambo hayo ukienda Bombo yaseme na ya kwako, usikae pale kama msindikizaji. Kliniki ya mdogo ni lini? Kama ni wiki hii nenda na wote wawili siku moja, upime na mkojo wa mkubwa, uokoe nauli.

Mama_Chumbageni

Kliniki ni Alhamisi. Kulala silali. Mkojo naona bora nisubiri hiyo Alhamisi niende nao wote, maji hanywi kupita kiasi wala hajakonda nimemwangalia. Mama mkwe nimemgusia leo, hajasema ndiyo wala hapana, ila kaniuliza hilo daftari linanunuliwa wapi.